Nguvu Inapitia Wapi? Kusanifu na Kuunda Bampa la Mabomba kwa Gari la Porini

(Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya wanafunzi wa ufundi, mafundi wa gereji na madereva wa watalii. Umepunguzwa kidogo kabla ya kuchapishwa.)

Najua wapo kati yenu walioacha gari la mteja juu ya mawe ili waje hapa, na mteja hana subira, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Ukisimama kando ya barabara yoyote ya mji huu, hutamaliza dakika chache kabla Land Cruiser haijapita. Ile familia ya 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, ndiyo mgongo wa biashara ya safari, na nyingi zimevaa ngao ya mabomba mbele. Nyingine zimeletwa kutoka viwandani ng'ambo. Nyingine zimechomelewa hapa hapa, na mafundi wake wako humu ukumbini.

Kusudi langu leo ni kutetea jambo moja. Bampa halipimwi kwa unene wa bomba wala kwa mng'aro wa rangi. Linapimwa kwa njia ambayo nguvu inapitia, tangu pale inapogusa chuma hadi pale inapoishia. Fundi anayeijua njia hiyo ataunda bampa jepesi linalofanya kazi. Asiyeijua ataongeza chuma, na chuma hicho kitakwenda kuvunja kitu kingine. Nitalieleza hilo kwa hoja sita.

Hoja ya kwanza: kazi itangulie, chuma kifuate

Mteja akifika gereji husema, "Nataka ngao kama ya yule." Fundi mwenye njaa huchukua futi na kuanza kupima. Namwomba aweke futi chini kwanza, aulize maswali. Gari hili litabeba winchi? Litainuliwa kwa kushika bampa? Linapita vichaka vya migunga, au kazi yake ni barabara ya Makuyuni na lami? Lina mifuko ya hewa? Likipakia watu na mizigo lina uzito gani?

Kila jibu huleta nguvu ya aina yake. Tawi la mgunga hukwaruza na kusukuma taratibu. Winchi huvuta mbele kwa tani kadhaa, tena kwa dakika nzima. Jeki husukuma juu mahali pamoja tu. Mnyama anayevuka barabara usiku hupiga kwa kishindo, juu ya mstari wa chesisi. Barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, ambayo nyinyi madereva mnawaambia wageni kuwa ni masaji ya bure, huitikisa kila bolti mara maelfu kwa siku moja.

Ngao nyingi tunazoziiga asili yake ni Australia, ambako kangaruu na ng'ombe huingia barabarani penye umbali mrefu na mwendo mkali. Kampuni ya ARB iliyoanzishwa kule mwaka 1975 ilijenga jina lake kwa vifaa vya namna hiyo. Lakini gari la watalii hapa kwetu lina maisha mawili. Ndani ya Serengeti linatambaa, likisimama kila penye simba. Likitoka getini linaingia lami na kupita katikati ya vijiji, mbele ya watoto wa shule. Atakayeiga umbo la ngao bila kuuliza kazi yake atakuwa ameiga jibu la swali la mtu mwingine.

Hoja ya pili: anza kwenye chesisi, usianze kwenye bomba

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu mabampa mengi yanayoharibika huanzia kwenye maungio. Mabomba hubaki mazima huku breketi zimepasuka na matundu ya bolti yamekuwa marefu kama mayai.

Chukueni gari lenye uzito wa kilo 3,000 likiwa limepakia. Kanuni inayofuatwa ni kwamba winchi iwe na uwezo usiopungua mara moja na nusu ya uzito huo, yaani kilo 4,500. Hiyo ni nguvu ya kilonyutoni 44 hivi. Sasa tuseme winchi imekaa juu, kamba ikitoka milimita 150 juu ya mstari wa bolti, na kila upande wa chesisi una bolti mbili, moja juu ya nyingine, zikiachana milimita 100.

Wanafunzi, andikeni. Mvuto wa moja kwa moja ukigawanywa kwa bolti nne, kila moja inapata kilonyutoni 11. Lakini kamba iko juu ya bolti, kwa hiyo bampa linataka kuinama mbele kama mzee anayeinuka kitini kwa kuvutwa mkono. Mwinamo huo unaongeza kilonyutoni 33 kwenye kila bolti ya juu. Jumla ni 44. Bolti ya milimita 12 ya daraja 8.8 hukatika kwa mkato wa ubavu karibu na kilonyutoni 40. Maana yake ni kwamba, msuguano tukiuweka kando, bolti za juu zinakatika kabla winchi haijafikisha uwezo wake, na dereva amesimama pale na rimoti mkononi.

Fundi wa mazoea atasema, "Basi tuweke bolti nene zaidi." Subirini. Chukueni bolti zile zile nne, mzipange kwa urefu wa chesisi, moja mbele na moja nyuma, zikiachana milimita 200. Mwinamo sasa unazalisha kilonyutoni 16.5 tu kwa kila bolti, tena kwa kwenda juu na chini. Ukijumlisha na zile 11 za mvuto kwa kanuni ya pembe mraba, kila bolti inabeba kama kilonyutoni 20. Hatujanunua chuma hata kidogo, na mzigo umepungua kwa zaidi ya nusu. Ukiishusha na winchi yenyewe, unapungua tena.

Kuna jambo la kusoma kichwani mwa bolti. Zile namba 8.8 zina habari. Namba ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, ni nguvu ya kukatika kwa kila milimita ya mraba: nyutoni 800. Ya pili inasema bolti itaanza kunyooka moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Bolti ya daraja 4.6 inaanza kunyooka kwa nyutoni 240. Kwa macho zinafanana, na dukani hulala kwenye makopo jirani. Bolti isiyo na namba kabisa usiiamini kwenye maungio ya bampa.

Jambo la mwisho kwenye hoja hii ni kutochomelea bampa moja kwa moja kwenye chesisi. Joto hubadilisha chuma cha chesisi pembeni mwa mshono, na ufa wa siku za usoni huanzia hapo hapo. Tengeneza breketi ya plati ya milimita 6 au zaidi, uifunge kwa bolti kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyatoboa. Kama chesisi ni ya sanduku lenye uwazi ndani, weka kijibomba cha kupitishia bolti ili ukiikaza isibonyeze kuta. Bampa linalofunguka kwa spana linakaguliwa, linanyooshwa na kurudishwa. Lililochomelewa linasubiri siku ya kukatwa kwa grainda.

Hoja ya tatu: kipenyo kabla ya unene

Mteja hugonga bomba kwa kidole, likilia kizito anafurahi. Hebu tuangalie namba zinasemaje.

Bomba la kipenyo cha nje milimita 48.3 lenye ukuta wa milimita 3.2 lina uzito wa kilo 3.56 kwa mita. Tukiongeza unene wa ukuta hadi milimita 5, uzito unapanda hadi kilo 5.34, ongezeko la nusu nzima, na ukaidi wa bomba dhidi ya kupinda unaongezeka kwa asilimia 40 tu. Sasa tuuache ukuta wa milimita 3.2 kama ulivyo, tuongeze kipenyo hadi milimita 60.3. Uzito unakuwa kilo 4.51, ongezeko la asilimia 27. Ukaidi unaongezeka mara mbili. Siri yake ni kwamba, ukuta ukibaki na unene uleule, ukaidi hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, na chuma kilicho mbali na kitovu ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Msinielewe vibaya: ukuta mwembamba mno hubonyea ukigongwa na jiwe, na ni mgumu kuchomelea bila kutoboa. Kwa bampa la gari la safari, ukuta wa milimita 3 hadi 4 na kipenyo cha kati ya milimita 48 na 60 hutosha kwa mabomba makuu. Na chuma ghali zaidi hakitapunguza kupinda huko: ukaidi wa asili wa chuma laini na chuma kigumu unakaribiana sana. Chuma kigumu huchelewa kunyooka moja kwa moja, basi.

Kwenye kukunja, mashine yenye kalibu inayolingana na bomba ndiyo njia bora, na mkunjo uwe na nusu kipenyo cha mara tatu au nne ya kipenyo cha bomba. Wanaokunja kwa moto wakiwa wamejaza mchanga wahakikishe mchanga umekaushwa kabisa. Unyevu uliofungiwa ndani ya bomba hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea. Bomba likifanya kikunyanzi upande wa ndani wa mkunjo, litupeni. Kikunyanzi hicho ndicho mahali litakapojikunja siku ya kazi.

Namwona mzee mmoja kule mbele anatabasamu. Anajua karakana isiyo na mashine ya kukunja hukata bomba kwa mshazari na kuunga. Inakubalika, mradi kila mkato uwe na mshono kamili na plati ya pembetatu ya kuushika. Lakini kila kiungo ni nafasi ya kukosea. Sanifu bampa lenye viungo vichache.

Hoja ya nne: uzito na pembe ya kuingilia

Hoja hii ni fupi. Tuseme bampa lina kilo 60 na winchi kilo 40, na uzito huo umekaa milimita 900 mbele ya ekseli ya mbele. Kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana milimita 2,980, ekseli ya mbele haibebi kilo 100 za ziada. Inabeba 130, kwa sababu ile ya nyuma imepunguziwa 30. Springi za mbele zinalala, gari linainamisha pua, na mwenye gari analaumu shokamzoba.

Pembe nayo ina hesabu yake. Kama ukingo wa chini wa bampa uko milimita 500 kutoka ardhini na milimita 700 mbele ya mahali tairi linapogusa ardhi, gari linaweza kukabili mwinuko wa digrii 35 hivi. Sukuma bampa mbele kwa milimita 150 ili winchi ienee vizuri, na unabaki na digrii 30. Kwenye ukingo wa korongo digrii hizo tano ndizo tofauti ya kupanda na kuchimba. Kwa hiyo lirudishe bampa karibu na rejeta kadiri injini inavyoruhusu, ukiacha njia ya hewa. Winchi ikiziba uso wa rejeta, mlima mrefu wa mchana utakuonyesha kwa mshale wa joto. Pandisha pembe za bampa mbele ya matairi, kwa sababu tairi ndilo linalotakiwa kugusa mwamba kwanza.

Hoja ya tano: mshono

Mshono mzuri huanza kabla ya moto. Ncha ya bomba linalounganishwa ikatwe iwe na mbonyeo wa kulikumbatia bomba jingine, mwanya usizidi milimita moja au mbili. Zungusha karatasi kwenye bomba, chora mkunjo wa mkato, hamisha alama kwa chaki, kata kwa grainda na umalizie kwa tupa. Mwanya mkubwa unaojazwa kwa fimbo nyingi ni kidonda kilichofunikwa.

Fimbo zina namba zake pia. Kwenye E6013 na E7018, tarakimu mbili za mwanzo zinataja nguvu ya chuma cha mshono kwa maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba: 60,000 na 70,000. E6013 ni rahisi kuwasha na inafaa kwa mabomba. E7018 naipendelea kwenye breketi, lakini inataka ukavu. Fimbo iliyolala nje ya boksi wakati wa masika huingiza hidrojeni kwenye mshono, na ufa huja kimyakimya baada ya kazi kulipwa.

Shikilia mabomba yote kwa nukta kwanza, bampa likiwa limefungwa kwenye gari lenyewe au kwenye fremu yenye vipimo vya gari. Kisha lishushe, uchome kwa kupokezana, kipande kushoto na kipande kulia, ili joto lisilivute upande mmoja. Ukilazimika kuchomelea likiwa garini, toa nyaya za betri na ubane kishikio cha arthi karibu na mshono. Umeme unaorudi kupitia altaneta huiunguza.

Na nawasihi kuhusu bomba la maji lenye zinki. Ni rahisi kulipata, linang'aa, na moshi wake ukilichoma ni mweupe. Moshi huo huleta homa, baridi na kifua kubana jioni hiyo hiyo. Kunywa maziwa, kama tulivyozoea kushauriana, hakuondoi kilichokwisha kuvutwa mapafuni. Saga zinki yote mbali na mshono, au nunua bomba jeusi.

Mwisho, usizibe bomba pande zote kabla ya kumaliza kuchoma: hewa ya moto itatoboa mshono wa mwisho. Acha tundu dogo upande wa chini. Baadaye litatoa maji, na kutu haitakula chuma kutokea ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki.

Hoja ya sita: aliye mbele ya bampa na aliye nyuma yake

Ndugu zangu, hadi sasa tumezungumza juu ya kuimarisha. Sasa nageuza uso wa jambo. Bampa lisilopinda kabisa ni hatari.

Gari la kilo 3,000 likienda kilomita 40 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 185. Likigonga nguzo isiyosogea, nishati hiyo lazima iishie mahali. Kama sehemu ya mbele itabonyea nusu mita, abiria watasimamishwa kwa nguvu ya wastani wa mara 12 au 13 ya uzito wao. Kama bampa gumu litaruhusu robo mita tu, nguvu hiyo inakuwa mara 25. Chuma kimepona, na mbavu ndizo zimelipa. Kwenye magari mapya yenye mifuko ya hewa, kiwanda kilipanga visanduku vya kubonyea nyuma ya bampa, na vihisio vya mifuko vikapangwa kulingana na ubonyeaji huo. Fundi akivikata ili kufunga plati, amebadilisha wakati wa mfuko kufunguka bila kujua. Msiviguse. Fungeni breketi mbele yake, au ikataeni kazi hiyo.

Halafu yuko anayetembea kwa miguu. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2005 iliyotaka ngao za mbele zipimwe kwa jinsi zinavyomgonga mtu, na India ikaziagiza serikali za majimbo mwaka 2017 zichukue hatua dhidi ya ngao hizo. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani kuwa takriban milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni vya watu wasio na kinga ya bodi: wenye miguu, baiskeli na pikipiki. Barabara ya kwenda hifadhini inapita katikati ya watu hao.

Je, nasema tusiunde ngao? Hapana. Nasema tuzigawe sehemu mbili zenye kazi mbili. Sehemu ya chini, iliyo kwenye mstari wa chesisi, iwe imara: ibebe winchi, pini za kuvutia na mahali pa jeki. Upinde wa juu unaolinda taa na rejeta uwe wa bomba jembamba, ufungwe kwa bolti ndogo, ulale nyuma ukifuata boneti na usiipite kwa urefu, ili ukipigwa ukunjike. Ncha zote zizibwe na kugeuzwa kuelekea tairi. Upinde uliokunjika unabadilishwa kwa siku moja. Mguu wa mtoto haubadilishwi.

Hapo hapo niseme na madereva. Kamba ya kuvutia haifungwi kwenye bomba la upinde, hata mkiwa mmenasa Ndutu na mvua inakuja. Inafungwa kwenye pini iliyopitishwa kwenye plati inayofika chesisi. Bomba likichomoka na kamba iliyokazwa, linaruka kuelekea kioo. Na jeki ndefu, ile tunayoiita jeki ya Tanganyika, ipate mdomo bapa wa kuingilia. Chini ya bomba la mviringo huteleza.

Yaliyo mbele yetu

Mwenyekiti ananitazama, nami namaliza kwa mapendekezo matatu.

La kwanza ni la gereji. Kila bampa litakalotoka kwenu libandikwe kibao kidogo: kipenyo na unene wa bomba, uzito wa bampa, daraja la bolti, uwezo wa winchi unaoruhusiwa, na mwezi lilipoundwa. Mnunuzi wa pili wa gari hilo ana haki ya kujua amenunua nini.

La pili ni la kampuni za safari. Ukaguzi wa kila msimu uhusishe maungio ya bampa: safisha, mwaga mafuta mepesi yaliyochanganywa na rangi, futa, uone ufa unaochungulia. Kila ufa uandikwe daftarini na kuchorwa, kisha fundi aliyeunda bampa hilo aonyeshwe bila kugombezwa. Daftari la misimu mitatu litafundisha zaidi ya mhadhara huu.

La tatu ni la vyuo. Jengeni fremu ya majaribio yenye jeki ya haidroli na geji ya mgandamizo. Kila mwaka kundi moja la wanafunzi lisanifu bampa, liandike mapema litavunjikia wapi na kwa mzigo gani, kisha livunjwe mbele ya mafundi wa mjini. Atakayekosea kwa karatasi atakuwa amejifunza kwa gharama ya mabomba machache.

Mimi niko tayari kuchangia mabomba ya jaribio la kwanza. Ninachodai ni kualikwa siku hiyo, na mwanafunzi aniambie nguvu ilipitia wapi kabla sijauliza. Na sasa yule mzee aliyekuwa anatabasamu apewe kipaza sauti, nadhani ana swali.